GARI NYEPESI NDIYO, LAKINI KWA NJIA GANI?



Kila mapumziko tunasikia mabishano juu ya motokari za mbio. Sisi wa mwaka wa sita tunasema: wenye kupenda gari nyepesi wako na haki. Mazda MX-5, iliyotoka mwaka 1989, ilikuwa na karibu kilo 1000 tu. Gari ya namna hiyo haiombi injini kubwa. Inakata kona vizuri, inasimama upesi, na mipira yake inakawia kuisha.

Lakini iko chini sana. Kwa mawe ya Nyiragongo mitaani kwetu, tumbo lake litagonga kila mara. Tutazame Safari Rally ya mwaka 1974: Joginder Singh wa Kenya alishinda na Mitsubishi Lancer ndogo ya 1600, akiacha nyuma Porsche 911. Ilikuwa nyepesi, lakini ilitayarishwa kwa njia mbaya. Basi tutazame njia kwanza, gari baadaye.

Tena, mbio ni ya uwanja uliofungwa, na hapa kwetu hauko. Wanaokimbiza pikipiki barabarani, katikati ya chukudu na watoto wanaotoka masomo, hawafanyi michezo hata kidogo: wanachezea roho za watu. Anayependa mwendo ajifunze kwanza freni.