Kenya: Mlango mmoja wa huduma na mzigo wa msanifu wa mifumo

Mwishoni mwa Juni 2023, Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali katika jukwaa la eCitizen. Mwezi mmoja baadaye wadukuzi walilishambulia. Maombi ya pasipoti yalikwama, na wageni waliohitaji viza ya kielektroniki wakaruhusiwa kuipata wanapowasili. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea.

Tukio hilo lilidhihirisha uzito wa kazi isiyofahamika kwa wengi, yaani ya msanifu wa mifumo katika taasisi kubwa ya umma. Huyu huchora ramani ya taasisi nzima: idara ipi inatunza taarifa gani, nani ameruhusiwa kuzisoma, na mfumo upi ukianguka utaangusha mingine. Pasipo ramani hiyo, kila wizara hununua mfumo wake, na mwananchi hupeleka nakala ya kitambulisho kilekile katika kila ofisi.

Hata hivyo, kuunganisha mifumo kunahitaji pia sheria na imani ya raia. Mwaka 2019 Kenya iliandikisha mamilioni ya watu katika mpango wa Huduma Namba. Miongoni mwa waliokwenda mahakamani ni watetezi wa haki za Wanubi, jamii ambayo kwa miaka mingi imepitia uhakiki wa ziada kabla ya kupewa vitambulisho. Hofu yao ilikuwa kwamba asiye na hati angefungiwa huduma zote kwa pamoja. Januari 2020, Mahakama Kuu ilizuia ukusanyaji wa vinasaba na kutaka kanuni madhubuti zitangulie. Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi, kwa kuwa athari kwa faragha hazikutathminiwa kwanza.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hiyo unapoonekana. Msanifu anaweza kushauri kwamba tathmini itangulie ununuzi, na kwamba ofisi zibaki na njia ya kumhudumia raia mtandao unapozimika. Lakini bajeti na tarehe ya uzinduzi huamuliwa na wakubwa wake. Ushauri wake ukipuuzwa, anayerudishwa dirishani mikono mitupu ni mwananchi, hasa yule ambaye hati zake zilikuwa na utata tangu awali.