Fundi wa Nyumbani: Kitufe Kizito si Kitufe Kilichokufa

Mashine ya michezo ya NES, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1985, ingali ikichezwa majumbani. Kidhibiti chake, yaani kile kifaa cha mkononi chenye vitufe, wengi hukitupa kabla ya kukifungua. Hiyo ni hasara isiyo ya lazima.

Chini ya vitufe mna mpira laini wenye vidoa vyeusi vya kaboni. Kitufe kikibonyezwa, kaboni hugusa njia za umeme zilizomo ndani, mchezo ukatii. Uchafu ukitanda hapo, kitufe huwa kizito. Dawa yake ni kufungua skrubu za nyuma, kufuta njia hizo kwa pamba yenye spiriti kidogo, kisha kuacha zikauke. Kaboni isisuguliwe kwa nguvu. Ikibanduka, mpira hauna budi kubadilishwa.

Fimbo ya Nintendo 64 ya mwaka 1996 ina ugonjwa mwingine. Plastiki husagana na plastiki, ikatoa unga mweupe na kulegea, kusafisha hakuiponyi. Basi mnunuzi na aijaribu kabla hajatoa fedha: ikilala upande, ahesabu katika bei gharama ya fimbo mpya.