Mchanga Usiwale Mafundi Mapafu

Pikipiki imekuwa miguu ya wananchi wengi katika nchi zetu. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, katika miaka ya 1960, wakati abiria walipokuwa wakivushwa kwa baiskeli. Leo chombo hicho kina injini, na penye injini hapana budi pawe na fundi. Tunawaheshimu mafundi hawa, na kwa sababu hiyohiyo hatuwezi kunyamaza tunapoona kazi yao ikihatarisha uhai wao.

Kazi tunayoizungumzia ni ile ya kuvua rangi kuukuu katika vyuma vya injini kwa kuvipiga mchanga. Kompresa husukuma hewa kwa nguvu kubwa, hewa hiyo huchukua chembe za mchanga, na bunduki ya kupulizia huzirusha juu ya chuma. Rangi na kutu iliyojificha baina ya mapezi ya silinda, mahali ambapo brashi haifiki, hutoka kwa dakika chache. Njia hii si ngeni, kwani Mmarekani Benjamin Chew Tilghman aliipatia hataza mwaka 1870. Wala sisi hatuna ugomvi na njia yenyewe. Ugomvi wetu ni na mchanga.

Mchanga wa mito na maziwa kwa kawaida una madini ya silika kwa wingi. Chembe inapogonga chuma kwa kasi hupasuka, ikatoa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo huvutwa mpaka ndani kabisa ya mapafu, likakaa humo na kuyatia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Mgonjwa huanza kwa kukohoa na kutweta anapopanda kilima, na mwishowe hata kutembea humshinda. Aidha, mapafu yaliyoharibiwa hivyo hushambuliwa kwa urahisi na kifua kikuu, na mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliihesabu silika ya namna hii kuwa miongoni mwa vitu viletavyo saratani kwa binadamu. Makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa.

Wako watakaosema kwamba tunatia watu hofu bure. Tunawaomba watazame yaliyowapata wengine. Uingereza ilipiga marufuku matumizi ya mchanga katika kusafisha vyuma vya kusubu kwa mpulizo tangu mwaka 1949. Huko Uturuki, vijana waliokuwa wakipuliza mchanga kwenye suruali za jinzi ili zionekane zimechakaa waliugua silikosisi, na baadhi yao wakafa wakiwa bado vijana. Serikali yao iliikataza kazi hiyo mwaka 2009. Haifai sisi tungoje maziko ndipo tujifunze.

Hata injini yenyewe hainufaiki. Vyuma vingi vya injini ya pikipiki ni vya aluminiamu, ambayo ni laini, na mchanga huikwaruza na kuila. Uso wa silinda hedi unaokaliwa na gasketi ukiguswa, injini huvuja. Punje chache zikibaki katika njia za oili, huzunguka pamoja na oili hiyo na kuzisaga beringi na ringi za pistoni. Mteja hurudi baada ya muda mfupi na injini yenye sura mpya na roho iliyokufa, na lawama zote humwangukia fundi.

Fundi atatujibu kwamba mchanga ni rahisi kupatikana, na vifaa vingine ni ghali. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Hata hivyo, ziko shanga ndogo za kioo, na uko unga wa soda wa aina ile inayoumua maandazi, ambao huyeyuka katika maji wakati wa kusuuza. Hata magunzi ya mahindi yaliyosagwa hutumika mahali pengine kuondoa rangi iliyo laini. Kazi ifanyiwe ndani ya kasha lililozibwa, lenye dirisha la kioo, glavu zilizofungwa ubavuni, na feni ya kufyonza vumbi kupitia kichujio. Mafundi wanaounda mageti na majiko kwa mabati hawawezi kushindwa kuunda kasha. Karakana kadhaa zikichanga, kasha moja na kompresa moja zitawatosha wote.

Tunasisitiza pia kwamba kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hili, na kumwagia mchanga maji hupunguza hatari tu, hakuiondoi. Mwanafunzi wa ufundi, ambaye mara nyingi ndiye anayekabidhiwa kazi ya vumbi, asisimamishwe hapo bila kinga ya kweli.

Nchini Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Wakaguzi wasiishie kwenye viwanda vikubwa, bali wafike pia katika karakana za kando ya barabara, waende kufundisha kabla ya kutoza faini. Vyuo vya ufundi navyo viliweke somo hili mbele. Na wewe mwenye pikipiki, uliza rangi yako inavuliwa kwa kitu gani, na uwe tayari kulipa zaidi kidogo. Si kila injini inahitaji kuvuliwa rangi. Nyingi hutosheka kwa kuoshwa vizuri.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa ugonjwa huu tiba yenyewe haipo. Tumebakiwa na kinga peke yake. Basi na tuitumie tangu leo.