Sabufa la Bumu, Njaa ya Mwezi

Samahani kwa ukimya, majaribio ya katikati ya muhula yalinibana vibaya. Leo nimerudi, na nina jambo. Najua wengine mtanuna, nuneni tu.

Bumu limeingia Jumatano. Mpaka Alhamisi jioni masabufa mapya matatu yalikuwa yameshashushwa kwenye bodaboda hapa uswahilini tunapopanga. Nyumba yetu ina vyumba tisa, choo kimoja kinachofanya kazi, na sasa masabufa matano. Jana usiku yote yalikuwa hewani, kila moja na wimbo wake. Vikombe vyangu vilikuwa vinatetemeka mezani kama vina homa. Mimi hapo nina zamu ya kuandaa somo la kufundisha mbele ya wenzangu leo saa mbili asubuhi.

Basi nasema hivi: mziki mdogo unatosha. Wala sisemi unatosha kwa asiye na hela. Unatosha hata kwa mwenye nazo, kama anachotaka kweli ni kusikiliza mziki.

Haya, nawasikia. "Huyo anajifariji tu, sizitaki mbichi hizi." Subirini kidogo jamani. Hizo zabibu mimi nimeshazila. Mwaka wa kwanza, bumu la kwanza kabisa maishani mwangu, nilitoa shilingi 250,000 nikanunua sabufa lenye taa za bluu na nyekundu, rimoti, na boksi lililoandikwa wati 12,000. Wiki mbili nikawa mfalme wa korido. Wiki ya tatu nikahamia kwenye mihogo mchana na uji usiku. Ya nne nikawa na ratiba ya kuwatembelea washkaji saa za kula tu. Nilipoliuza mwezi wa pili nikapewa 120,000, tena kwa mafungu. Ile 20,000 ya mwisho sijaiona mpaka leo, na jamaa nakutana naye maktaba, ananipa tano kabisa!

Na hilo siyo la kuuma zaidi. Bumu ni mkopo, ingawa sisi tunalipokea kama zawadi ya Idd. Siku nikianza kufundisha, Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wangu wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Lile sabufa limo humo. Nitakuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili huku nalipia mziki anaousikiliza mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye hizo wati. Fundi redio mmoja wa Manzese ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia, "Dogo, wewe ni msomi, geuza hicho kitu nyuma usome." Nikasoma. Mbele wati 12,000, nyuma kwenye kibati kidogo kinachoonyesha umeme kinaoutumia: wati 75. Kinakula 75 halafu kitapike 12,000? Zile namba za boksi zinaandikwa na herufi P.M.P.O., na hakuna kipimo kimoja kinachokubalika cha kuzipata, kila mtengenezaji anajipangia. Namba ya kuulizia ni R.M.S., nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Hiyo muuzaji hakutajii mpaka umkabe.

Hata wati zikiwa za kweli, sikio halihesabu kama duka linavyohesabu. Ukitoka wati 10 kwenda 20 unaongeza desibeli 3 tu, kitu kidogo sana. Ili usikie sauti imekuwa kama mara mbili unahitaji desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Unalipa bei mara mbili, sikio linakwambia "mh, kidogo."

Halafu geto lenyewe. Mita 3 kwa 3, na humo mna kitanda, meza na ndoo. Mtetemo mzito wa mara 40 kwa sekunde una wimbi lenye urefu wa kama mita 8 na nusu. Chumba hakiutoshi. Unapiga kuta, unarudi, unajikusanya kwenye kona, na unaobaki unapita ukutani kuja kwangu. Wewe uliyelinunua unasikia vuuum. Mimi nisiyelinunua nasikia vuuum hiyo hiyo, bure.

Mimi leo ninatumia redio ya mjomba aliyoinunua Morogoro mwaka 1996. Panasonic, spika mbili za mbao, deki ya kaseti haivuti tena. Fundi alibadilisha raba za spika zilizooza, 15,000. Waya wa kuunganisha simu, 3,000. Nimeziweka spika juu ya kreti za soda zifike usawa wa masikio, nimezitoa kwenye kona, na kiti changu kimekaa umbali sawa na kila moja. Pembetatu ya pande sawa, watu wa hesabu mnanielewa. Hapo nilitumia shilingi sifuri, na tofauti yake ni kubwa kuliko chochote nilichowahi kununua.

Wiki iliyopita nikamweka Mbaraka Mwinshehe, yule wa Morogoro aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979. Nilisikia gitaa la solo peke yake, la ridhimu peke yake, na besi inatembea chini yao taratibu bila kumkanyaga mtu. Nyimbo hizo hizo nilikuwa nazipiga kwenye lile sabufa, na nakula kiapo nilikuwa sijazisikia. Besi ilikuwa inameza kila kitu, hata maneno. Na Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, santuri zake wengi walizisikiliza kwenye gramafoni za kukaza kwa mkono, hata umeme hazitumii. Nani alilalamika kwamba hajasikia?

Mtaniambia starehe ni haki ya mtu. Sawa kabisa. Lakini tuambizane ukweli: wengi wetu hatununui sauti ya kusikiliza, tunanunua sauti ya kusikika. Tunataka chumba cha saba wajue kwamba chumba cha tatu kuna mtu. Bahati mbaya chumba cha saba naye amenunua la kwake, hivyo hakusikii.

Na sisi watu wa ualimu tuna sababu moja zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 unaweza kuzisikiliza saa 40 kwa wiki, lakini ukifika 90 ni saa 4 tu. Kwa wiki nzima! Hapa kwetu hizo saa 4 zinaisha Ijumaa kabla ya usiku wa manane. Sikio likishakufa halina spea Kariakoo. Kesho utasimama mbele ya darasa la watoto 80, na yule mwoga wa dawati la nyuma atajibu kwa sauti ndogo, tena atajibu sahihi, na wewe utamwambia, "Kaa chini, hujui."

Leo mchana jirani yangu wa chumba cha nne, mmoja wa wale wa Alhamisi, amegonga mlango. Anaomba 5,000 akatoe kopi za desa, UE haiko mbali na mwaka jana aliponea chupuchupu kudisko. Nimempa, maana njaa ile naijua. Nikamwambia pia, kwa kuwa boksi lake bado halijachanika, alirudishe dukani kesho asubuhi kabla hawajamkatalia. Amecheka. Sasa hivi ni saa nne usiku na vikombe vyangu vimeanza tena kutetemeka.

Haya, maoni ruksa, matusi hapana. Anayetaka kumsikiliza Mbaraka aje, kiti kipo kimoja, mwingine atakaa kitandani.