Mwenye Gari Naye Apige Hodi

Wahenga wetu walisema msafiri kafiri. Hawakukusudia kumtoa mtu katika dini. Walikusudia kwamba aliye njiani hukosa wasaa wa kutimiza haki za watu, na pengine haki za Mola wake. Siku hizi methali hii imepata pahali papya pa kutumika. Baadhi ya vijana wetu wa Pwani wananunua magari makuukuu, hasa kombi, wanang'oa viti, wanatia godoro, sufuria na mitungi ya maji, kisha wanashika njia ya bara kulala humo humo garini. Tena huchagua miezi ya Juni na Julai, wakati wa kipupwe, mvua za masika zikiwa zimepungua na baridi imeshika.

Wazee wakisikia hutikisa vichwa. Huuliza: mtu mzima analalaje garini kama asiye na jamaa? Vijana nao hujibu kwamba raha ya gari ni hiyo hasa, huna haja ya mtu, huna wa kumwomba wala wa kumshukuru. Mimi nasema pande zote mbili zina neno la kuambiwa. Kulala garini si fedheha. Lakini anayedhani gari limemwondolea wajibu wa kupiga hodi, huyo ndiye anayeikaribia ile methali.

Kwanza tuizungumze baridi yenyewe, maana kwetu watu huizungumza bila kuijua. Baridi ya Katito si theluji ya Ulaya. Katito ni mji mdogo wa upande wa Nyakach, katika barabara itokayo Ahero kwenda Sondu na Kisii, mahali inapochipuka njia ya Kendu Bay na Homa Bay. Ziwa la Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto la pambizo hizo huteremka hadi nyuzi 16 hivi. Kwa mtu wa Scotland hiyo ni hali ya kuvulia koti. Kwa mtu aliyezaliwa Kibokoni, aliyezoea ukuta wa matumbawe unaotunza joto la mchana, hizo ni nyuzi za kutafuta blanketi la pili. Na kabla hujafika huko umekwisha kupita Mau Summit, zaidi ya mita 2,000, na Kericho penye chai, ambako mvua ya mawe si kitu cha ajabu.

Sasa ongeza bati. Kombi ni chuma kitupu. Lilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, na la mwisho la ukoo huo lilitoka kiwandani Brazil mwaka 2013; kwa hivyo mengi utakayoyaona barabarani kwetu ni ya makamo, kama mimi. Injini yake iko nyuma na hupozwa kwa upepo, na joto lake hufika ndani injini ikiwaka tu. Ikizimwa, bati hupoa upesi, pumzi za waliolala hugeuka matone ya maji kwenye vioo, na alfajiri blanketi huwa na unyevu kama nguo iliyosahaulika kambani.

Mwezi wa Julai nililala katika gari la namna hiyo usiku tatu pale Katito, pamoja na mpwa wangu mwenye gari. Nilichojifunza ni kwamba baridi haitoki juu, hutoka chini. Ukijifunika mablanketi manne na chini una godoro jembamba, utatetemeka. Tandika kwanza makaratasi magumu ya maboksi, juu yake mkeka, juu yake godoro, ndipo ulale. Vaa kofia na soksi kavu. Na uache vioo viwili wazi kwa upana wa vidole viwili, kimoja kila upande, kwa wavu wa mbu. Ule ni ukanda wa malaria, na mbu hawajali kipupwe.

Hapa nataka wazazi wanisikilize vizuri. Jiko la makaa halilali na mtu ndani ya gari. Mkaa unaowaka mahali palipofungwa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na mwenye kuivuta hapati hofu; huona kichwa kizito, husinzia, basi. Kila msimu wa baridi katika nchi hii tunasikia habari za watu waliokutwa wamekufa vyumbani, jiko likiwa pembeni. Gari ni dogo kuliko chumba, na sumu hulijaza upesi zaidi. Usidanganyike kwamba makaa yamekwisha kushika na moshi umekoma, kwa kuwa sumu si ule moshi uuonao. Vivyo hivyo usilale na injini ikiwaka ili upate joto, wala usiache jiko la gesi likiwaka umelala. Pika nje, ota moto nje, kisha ingia ulale na blanketi.

Atakuwapo atakayeniuliza: na sala je? Maji ya alfajiri ni baridi na msafiri amechoka. Namjibu kwamba dini yetu ilizijua njia na baridi kabla hatujazijua sisi. Msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala kwa masharti yake. Na wanavyuoni wametusimulia habari ya Amr bin al-As, aliyekuwa katika msafara wa Dhat as-Salasil, akapatwa na janaba usiku wa baridi kali, akaiogopea nafsi yake, akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alimwuliza, naye akaeleza hoja yake, Mtume akacheka wala asimwambie neno. Lakini msiifanye ruhusa kuwa uvivu. Mwenye kuni, sufuria na maji huchemsha maji. Udhuru wa baridi ni wa asiyeweza. Haya mkawaulize masheikh wenu kwa mapana.

Basi kama dini imempa msafiri nafasi yote hiyo, kwa nini tumwite kafiri? Haki za Mola zimepatiwa njia. Zilizobaki ni haki za watu, na hapo ndipo vijana wetu wanapojikwaa.

Kijana hufika mahali jioni, huona uwanja wenye majani, huegesha, hufunga milango, hulala. Asubuhi huondoka. Hakumsalimu mtu wala hakumdhuru mtu, naye hudhani amestaarabika. Hajui kwamba uwanja ule si wa bure. Una mwenyewe, na mwenyewe amekesha akitazama kupitia dirishani, akijiuliza gari geni lenye watu wasiosema lina nia gani. Hajui pia anachokijua mwenyeji: kwamba udongo mweusi wa bonde la Kano ukinyeshewa hushika tairi kama gundi, kwamba mto Nyando hufurika, kwamba ufukweni kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani. Mambo haya hayaandikwi kwenye kibao. Huambiwa aliyepiga hodi.

Sisi tuliingia katika boma moja tukaomba kwa mwenye boma, mzee wa umri wa baba yangu mdogo. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatuambia, "Karibuni. Lakini gari nalo lina mahali pake." Akatuonyesha karibu na lango, upande wa simba, nyumba ya vijana. Katika boma la Wajaluo kila nyumba ina mahali pake: ya mwenye boma huelekea lango, na simba huwa karibu na lango hilo, ambako mgeni mwanamume hulazwa. Yaani mzee yule hakutupa nafasi ya kuegesha tu, alitupa daraja. Tangu saa hiyo hatukuwa gari lililosimama, tulikuwa wageni wa mtu fulani, na kila aliyepita njiani alijua hivyo. Usiku wakatuletea ugali na ngege. Nao walikuwa wamefikiri, maana samaki hana shaka ya kuchinjwa. Asubuhi kombi likakataa kuwaka kwa ubaridi wa betri, na vijana wa boma wakalisukuma mpaka likanguruma. Mpwa wangu, aliyekuwa akisema hana haja ya mtu, aliwashukuru mmoja mmoja.

Kutoka Katito ukishika njia ya Kendu Bay, ng'ambo kidogo ya mji huo wenye msikiti wake mkongwe, utafika kwenye ziwa dogo la magadi liitwalo Simbi Nyaima. Wenyeji hueleza kwamba hapo palikuwa na kijiji, na jina lenyewe ni la kijiji kilichozama. Husimulia kwamba bibi kizee alifika usiku, watu wakiwa katika sherehe, akaomba pa kujihifadhi. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea na kumpa moto. Bibi akamwonya aondoke, na mvua ikashuka ikakizamisha kijiji. Msomaji wa Suratul Kahf hatakosa kuwakumbuka Nabii Musa na mwenzake waliofika katika mji wakaomba chakula, na wenyeji wakakataa kuwakaribisha. Watu wasiosoma kitabu kimoja wameifikia hofu moja: kumfukuza mgeni ni jambo zito.

Lakini tazameni upande wa pili wa kisa. Yule bibi aligonga. Asingegonga, mwanamke mwema angeokokaje? Ndiyo maana tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenye kujifungia garini humnyima mwenyeji nafasi ya kupona.

Wala hili si geni kwetu. Mabaharia waliokuja na kaskazi kutoka Ghuba, wakangoja kusi kuwarudisha, walikuwa na nyumba yao ya kulala, nayo ni jahazi. Walakini nahodha alishuka, akasalimu, akajulikana ni mgeni wa nani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta ada hiyo imeshika mizizi: vijana wa mji waliliendea jahazi kwa mashua, wamebeba chakula, na kila mfanyabiashara akapata mwenyeji wake. Jahazi lilikuwa na pa kulala kwa wote, lakini pa kulala hapakutosha. Ilitakiwa mtu awe na mwenyeji.

Najua hoja ya kunipinga. Ulimwengu umeharibika, wataniambia. Huwezi kugonga mlango wa usiyemjua, hasa ukiwa mwanamke. Ni kweli, tahadhari si kosa. Asiyeweza kuingia bomani aende kwa chifu, au msikitini, au kanisani, au kituo cha polisi, aseme jina lake na atokako. Hiyo nayo ni hodi. Ninachokataa ni kuifanya hofu kuwa desturi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika nchi hii, na Kisumu ilionja uchungu huo. Sidai kwamba mkeka na blanketi vingezuia siasa. Nasema tu kwamba ni vigumu kuamini kila uvumi juu ya watu uliolala langoni pao wakakusukumia gari asubuhi.

Nasi wa Pwani tujitazame. Wageni wa bara wanaokuja Lamu wakati wa Maulidi hupata pa kulala na sahani ya pilau. Tunajua kupokea, na tunajisifia. Kwenda ndiko hatujui. Wangapi kati yetu wamelala Nyakach, au Mumias, bila kufuata kazi au maziko? Anayepokea tu asiende, hawezi kusema anajuana na mtu.

Kwa vijana waliokwisha kununua makombi yao nina ubeti mmoja, waubandike karibu na usukani:

Simamisha mlangoni, gari lako kwa heshima,
Mwenyeji yumo nyumbani, mwite kwa maneno mema,
Akijibu: Karibuni, shuka usirudi nyuma,
Baridi haina kani, ikikutana na wema.

Basi wazee, waacheni waende. Wapeni mkeka, blanketi zito na kilo mbili za tende za kumpa mwenyeji, maana mkono mtupu haulambwi. Nanyi vijana, fikeni mapema kabla jua halijatua, ili mwenye boma awaone nyuso zenu kabla hajaziona taa za gari lenu.