Barakoa Isiyopimwa Usoni Si Kinga

Ni jambo la kawaida katika sehemu nyingi za kazi zenye vumbi kumwona mfanyakazi akikabidhiwa barakoa langoni, akatia sahihi kwenye daftari, kisha akaingia kazini. Mwajiri huridhika kwamba ametimiza wajibu wake. Lakini ni nani aliyehakikisha kwamba barakoa ile inaushika vyema uso wa huyo aliyeivaa?

Hapa kwetu katika Bonde la Ufa, swali hilo lina uzito wake. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil, udongo mweupe uitwao diatomaiti ulianza kuchimbwa miaka ya 1940. Udongo huo ni mabaki ya viumbe wadogo mno walioishi katika ziwa la kale, na umejaa silika. Unapochomwa katika tanuri zenye joto kali, sehemu ya silika hiyo hugeuka kuwa fuwele. Vumbi la fuwele, ambalo pia hutimuka mawe ya aina fulani yanapokatwa au kupasuliwa, likivutwa kwa miaka mingi huyatia mapafu makovu. Maradhi hayo ni silikosisi. Hayana tiba, na mara nyingi hujitokeza baada ya miaka zaidi ya kumi, wakati mgonjwa ameshaacha kazi na kurudi kwao. Isitoshe, humweka katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na kifua kikuu. Bado sijataja vumbi la nafaka katika vinu vya unga mjini Nakuru, wala la mbao kule Elburgon.

Barakoa nzuri ya kazi huweza kuchuja asilimia 95 ya vumbi laini. Hata hivyo, hesabu hiyo ni ya kitambaa chenyewe. Hewa hupenda njia nyepesi, na ikipata mwanya kando ya pua au chini ya kidevu itapita hapo pamoja na vumbi lake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mapafu, kwa bahati mbaya, hayana fundi wa kuyajenga upya.

Dawa ya tatizo hili ni kupima, na kipimo chenyewe si cha ajabu. Mfanyakazi hufunikwa kichwa kwa kofia kubwa ya plastiki, kisha ndani yake hupulizwa mvuke wa sakarini, ile sukari ya kemikali. Kwanza huonjeshwa bila barakoa, ijulikane kwamba ulimi wake unauhisi utamu. Halafu huvaa barakoa, akavuta pumzi kwa nguvu, akageuza kichwa kushoto na kulia, akainama na kuzungumza, kama afanyavyo kazini. Akionja utamu, barakoa inavuja, na hana budi kujaribu ya saizi au ya muundo mwingine. Kazi yote haizidi sana dakika 20. Huko Marekani sheria inamtaka mwajiri arudie kipimo hicho kila mwaka kwa kila anayelazimika kuvaa barakoa inayobana uso.

Wapo watakaosema kwamba barakoa zinazouzwa zimethibitishwa na wataalamu. Naam, lakini zimethibitishwa kwa nyuso za nani? Vipimo vya nyuso vilivyotumiwa Marekani tangu miaka ya 1970 vilitokana na askari wa jeshi lao la anga. Nyuso za wafanyakazi karibu 4,000 wa nchi hiyohiyo zilipopimwa mwaka wa 2003, ilionekana kwamba zaidi ya asilimia 15 hawakuingia katika vipimo hivyo. Ikiwa Wamarekani wenyewe waliachwa nje, mama mwenye uso mdogo anayefunga magunia kiwandani hapa Nakuru atajuaje kwamba yake inamfaa?

Kuna pia suala la ndevu. Barakoa inayobana haiwezi kuziba juu ya ndevu. Kwa ndugu zetu wa Akorino, na kwa Waislamu wengi, kunyoa si jambo la kuamriwa na msimamizi wa zamu. Kwao vipo vifaa vya kufunika kichwa kizima, ambavyo huletewa hewa safi na feni ya betri. Bei yake ni ya juu, sikatai. Ndiyo sababu mwajiri mwenye busara huanza kwa kulowesha vumbi kwa maji na kulivuta kwa mashine pale linapotokea, wachache tu wabaki wakihitaji kujikinga usoni.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga vya kutosha na vinavyofaa. Kwa maoni yangu, hakuna awezaye kuapa kwamba barakoa inafaa kabla ya kuipima juu ya uso wa mwenyewe. Sheria hiyohiyo inataka pawe na kamati ya usalama na afya mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Kamati hizo zianze kudai daftari lenye jina la kila mfanyakazi, aina na saizi ya barakoa yake, na tarehe aliyopimwa. Maafisa wa serikali wa usalama kazini nao waliombe kila wanapokuja kukagua. Na vibarua wa kutwa wasiachwe nje ya daftari hilo, kwa maana mara nyingi wao ndio hukabidhiwa ufagio na sepetu palipo na vumbi jingi kuliko pote.