Mashua ya babu, na kwa nini sitaki kuandika upya kila kitu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Wapo waliodhani nimepata kazi ughaibuni. La hasha! Nilikuwa Matondoni, kisiwani Lamu, nikinuka sifa kutoka kichwani hadi miguuni, tukifufua mashua ya marehemu babu. Sasa nimerudi kwenye tarakilishi, na nina neno ambalo baadhi ya waandishi wa programu wenzangu hawatalipenda.

Mashua yenyewe ilikuwa imelala mchangani tangu nikiwa sekondari. Kaka yangu alitaka tuipasue kuni, tuchange pesa, tununue boti ya faiba yenye mashine. Hoja yake haikuwa ya kijinga: faiba haitaki kalafati, na mashine haingoji upepo. Mjomba hakusema kitu. Miaka yote hiyo amekuwa akivua kwa vyombo vya watu na kumgawia mwenye chombo sehemu ya samaki wake. Tukikosea, yeye ndiye angeendelea kugawa.

Tukamwita fundi. Alikuja na nyundo tu, akagonga mkuku kutoka omo hadi tezi huku ametega sikio. Panapolia kavu, mti ni mzima. Panapolia kama buyu bovu, pameoza. Akatia alama za chaki kwenye mbao saba na mataruma manne, basi. "Mkuku ungekuwa umeoza ningewaambia mchome," alisema. "Lakini huyu ni mgonjwa, si maiti."

Kitu kimoja mnapaswa kujua: hakuna mchoro. Mafundi wa huko huunda kwa jicho. Mbao za ubavu hutangulia, kisha taruma huchongwa kufuata umbo lake. Kwa hiyo maelezo pekee ya jinsi mashua ya babu ilivyoundwa ni mashua yenyewe. Tulipong'oa ubao mmoja karibu na mlingoti tulikuta kipande cha mti kimepigiliwa mahali ambapo, kwa akili yangu, hakikuwa na kazi. Nikanyoosha mkono nikitoe. Mzee akanizuia. Kusi likishika tanga, akasema, mlingoti husukuma hapo hapo. Mtu fulani zamani alivunjikiwa baharini, akaja kuweka kile kipande.

Nilinyamaza, maana hayo yamewahi kunipata. Katika kampuni moja niliyofanyia kazi tulikuwa na mfumo wa zamani wa chama cha akiba na mikopo. Msimbo ulikuwa mchafu, hauna maelezo, na sisi vijana tulitaka kuuandika wote upya kwa lugha mpya. Mistari kama kumi hivi hatukuielewa, tukaiacha nje. Kumbe ilikuwa inawashughulikia wanachama waliobadilishiwa nambari miaka mingi nyuma. Gawio lilipotoka, pesa za baadhi ya wazee zilisomeka kwenye hesabu za watu wengine. Sitasahau simu za wiki zile. Na aliyesukuma wazo la kuandika upya ni mimi.

Wakubwa pia wamefanya hivyo. Mwaka 1998 Netscape waliamua kuachana na msimbo wa kivinjari chao na kuanza upya. Toleo la 5 halikutoka kabisa, la 6 lilitoka Novemba 2000, na muda wote huo Internet Explorer ilikuwa inajibebea watumiaji. Joel Spolsky aliliandika mwaka ule ule wa 2000 kuwa ni kosa ambalo kampuni ya programu haipaswi kulifanya. Najua mtanijibu kwamba kazi hiyo ndiyo iliyozaa Firefox mwaka 2004. Kweli kabisa. Lakini AOL, waliokuwa wameinunua Netscape, walikuwa wamekwisha kukivunja kitengo chake mwaka 2003. Mtoto alizaliwa, mzazi hakumwona.

Wala sipingi vitu vipya. Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, lilishuliwa mwaka 2018, na 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Lakini walioliunda ni mafundi waliokuwa wanajua kuunda kwa mbao. Ninachopinga ni uvivu wa kusoma tunaoupa jina la usasa. Kabla ya kusema mfumo umeoza, umeugonga wapi? Mara nyingi mkuku, yaani jinsi data ilivyopangwa, ni mzima, na kilichooza ni mbao saba. Na kama ni mkuku wenyewe, sawa, choma, sitabishana nawe.

Tulibadilisha mbao, tukapiga kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta, inasukumwa kwa patasi na nyundo kwenye kila mwanya. Mimi niliifanya kazi hiyo siku nne na bado nina malengelenge. Chini tukapaka shahamu iliyochanganywa na chokaa, juu tukapaka sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake haina sifa yoyote. Gharama yote haikufika bei ya mashine peke yake, achilia mbali boti.

Tukaishua siku ya bamvua, wanaume wa mtaa mzima wakivuta. Ilipoelea tu, maji yakaingia. Si kidogo! Nilidhani kalafati yangu ndiyo mbovu, nikataka irudishwe pwani. Fundi alikuwa anakunywa kahawa. Mbao zilizokaa juani miaka yote hiyo, akasema, lazima zinywe kwanza. Zikishiba zitavimba na kujifunga zenyewe. Usiku huo mimi na kaka tulifua maji kwa zamu, hatukuzungumza sana. Siku ya pili yakapungua. Siku ya tatu asubuhi nilikuta maji ya kulowesha vidole tu.

Kaka bado anataka tufunge mashine ndogo nyuma. Fundi anasema inawezekana, mjomba anasema tutaona. Jumamosi anatoka kwenda kuvua, mara ya kwanza kwa chombo cha kwao, na mimi nimeambiwa nije. Kazi yangu ni kushika upo.